Picha zetu tukazitundike wapi?

Kikundi chetu cha kuchora kimegawanyika, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge nimerudi nyumbani Jumamosi na furaha ya kweli. Ugomvi wenyewe ni huu: picha zetu tukazioneshe wapi? Wenzangu wengine wanataka ukumbi wa hoteli mjini Mwanza, ule ambao ukisimama dirishani unaliona ziwa na Jiwe la Bismarck. Sisi wengine tunataka tuzipeleke mwaloni Igombe, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia dagaa, kwa watu wale wale tunaowachora.

Hatuko wengi, na kikundi hata jina hakina. Tunakutana Kirumba jioni, uani kwa mwenzetu, tunachanga hela ya rangi na hadibodi, kisha kila mtu anaegemeza kazi yake ukutani wengine waiseme. Yupo mwalimu wa shule ya msingi, yupo kijana wa bodaboda anayechora kwa kalamu ya wino tu, yupo mama mfinyanzi, nipo mimi na vipande vyangu vya mkaa. Yupo pia mzee anayeandika majina kwenye mitumbwi, ambaye mpaka leo hataki kuitwa msanii. "Mimi fundi," anasema, na ukimbishia anakunja uso.

Huyo mzee ningeweza kukaa naye mchana kutwa. Kabla hajagusa rangi anachukua uzi, anaupaka chaki, anaukaza ubavuni mwa mtumbwi, anauvuta kidogo na kuuachia. Pa! Mstari umenyooka. Halafu anasimama mbali, anakodoa jicho moja. Mtumbwi hupinda kuelekea omo, kwa hiyo herufi za mbele anaziandika pana kuliko za katikati, ili aliyeko ufukweni asome jina lote bila kuona limebanana. Ukilitazama kwa karibu unadhani amekosea vipimo. Rudi nyuma hatua kadhaa, utanyamaza.

Nyumbani nilishazoea sifa. Dada yangu akioneshwa mchoro anasema "safi sana" huku anasonga ugali, wala mwiko hausimami. Simlaumu, ananipenda. Lakini sifa ya namna hiyo haikuongezei kitu mkononi. Siku nilipoegemeza mchoro wa mwanamke anayegeuza dagaa mchangani, mama mfinyanzi aliutazama kwa muda mrefu, asiseme mzuri wala mbaya. Kisha akauliza, "Mwanangu, hapa jua lilikuwa limefika wapi?" Akanieleza kwamba dagaa wa asubuhi bado ana maji, ni mzito, unamgeuza kwa kiganja kizima, akishakauka, mkono unapita juu juu tu, vidole vimelegea. Ameanika dagaa miaka mingi kabla ya kushika udongo. Tangu siku hiyo nikienda mwaloni natazama mikono kwanza, nyuso baadaye.

Ndiyo maana niko upande wa Igombe. Wanaotaka hoteli wana hoja, tena nzito: watalii wa Serengeti hupitia Mwanza, wana hela, na rangi hainunuliwi kwa pongezi. Kijana wa bodaboda alimleta mchoraji Tingatinga kama shahidi. Si alianza na vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli pale Oysterbay, Dar es Salaam, akiwauzia wageni? Ni kweli. Ila mimi nilimjibu kwamba Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora, na uchoraji wake haukuzikwa naye kwa sababu ndugu na vijana waliokuwa wakikaa naye walishajifunza kwa kumtazama akipaka. Wageni walinunua picha. Kazi yenyewe iliendelezwa na waliokuwa wamekaa naye. Kijana akasema ninapindisha maneno. Labda.

Halafu kuna Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma. Aliyefika Bujora, kule Kisesa, mwezi wa sita anajua ninachosema. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanaingia uwanjani kushindana, ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watazamaji wanakimbia huku, wanakimbia kule, vumbi juu, watoto mabegani. Akitoka mtu na nyoka upande wa pili, umati wote unahama na wewe unabaki unacheza mbele ya viatu vilivyosahauliwa. Ni ukatili kidogo, nakubali. Lakini hakuna anayekupigia makofi ya adabu. Hotelini watapiga makofi ya adabu, nina hakika, wakiwa na glasi mkononi.

Mwalimu wetu alituletea jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Wasukuma wa chama cha Bayeye, wale wacheza na nyoka, zamani walikuwa wakichora kutani, ndani ya nyumba walizokutania. Walichora nyoka, watu na viumbe wa hadithi zao, na picha zile zilikuwa za wanachama, si za kila mpita njia. Akasema huenda na sisi tunaharakisha, huenda ua wetu wa Kirumba unatosha kwanza. Nilitaka kumpinga nikashindwa. Kweli ipo michoro yangu ambayo ningependa iishie pale pale ukutani kwa mwenzetu, ionwe na hao tu. Ila ule wa mama anayegeuza dagaa hauwezi kuwa mmoja wao. Wenyewe wako Igombe, na kuwaficha sura yao wenyewe ni uchoyo.

Tumekubaliana hivi: wa hoteli waende hotelini, wa mwaloni waende mwaloni, rangi tuendelee kuchanga pamoja. Mzee ndiye aliyetupangia siku. Tulitaka mwisho wa wiki ijayo, akacheka. "Giza hilo, watakuwa ziwani usiku kucha, mchana wamelala. Mtawaonesha ndege korongo?" Dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, kwa hiyo siku hizo wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kutafuta cha kutazama. Basi tunasubiri mwezi uwe mpevu. Kesho asubuhi nakwenda Igombe kuwaomba viongozi wa mwalo watuachie upande wenye chanja tupu, tufunge kamba na kutundika kwa vibanio vya nguo. Mzee amesema atakuja, ila ana mtumbwi wa kuandika siku hiyo hiyo, na anayetaka kumtazama akifanya kazi amshikie kopo la rangi.