Kaboni au faibaglasi?

Karakana yetu hapa Uyole inanuka epoksi, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, tangu asubuhi. Tunatengeneza ubao wa kuteleza majini kwa tiara, tukaujaribie Matema.

Mdogo wangu alitaka tuufunike kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni. Nikamkatalia.

Kaboni ni nyepesi na ngumu kweli, ila ikizidiwa hukatika ghafla. Faibaglasi, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, hunyumbuka zaidi kabla ya kukatika, na bei yake inabebeka. Kwa mawimbi ya Ziwa Nyasa, nataka ubao unaonyumbuka.

Halafu ule wakati kitambaa cheupe kinapolowa epoksi! Weupe wote unapotea, unaona nyuzi za mbao ya paini ya Mufindi iliyo chini yake waziwazi, hadi vifundo. Dogo akapiga makofi.

Kwa baridi hii ya Mbeya, epoksi itakauka taratibu. Hatuugusi!

Wadau, kwenye kingo mngeongeza tabaka la pili?