Herufi moja ya h

Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka, na mwisho wa mwezi mara nyingi hunikuta safarini. Mwezi uliopita nilikuwa Morogoro, nyumba ya wageni yenye Wi-Fi isiyo na nywila. Wateja wangu hawataki watu wajue nani anawashikia vitabu, na hiyo ni haki yao. HTTPS, usimbaji wa kurasa za wavuti, inaficha yaliyomo kwenye ukurasa, lakini haifichi unaongea na nani. Ndiyo maana kabla ya kufungua chochote huandika amri ya SSH, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa njia iliyosimbwa:

ssh -D 1080 -N mimi@seva-yangu

Hapo laptopu inapata proksi ya SOCKS, yaani mpokezi wa kupitishia data, kwenye poti (mlango wa namba) 1080. Programu inaikabidhi data, SSH inaisimba, nayo inakwenda kutokea kwenye seva ndogo niliyokodi Frankfurt. Anayechungulia Wi-Fi aone mashine moja tu. SSH yenyewe ilizaliwa kwa shida kama hii: Tatu Ylönen aliitengeneza mwaka 1995, baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake kule Finland.

Usiku ule, nikisubiri ripoti za mauzo zishuke, nikaendesha tcpdump, programu ya kuonyesha data inayopita mtandaoni, kwenye poti 53, poti ya DNS, mfumo wa kutafuta anwani ya namba ya kila jina la seva. Nilishtuka. Baada ya kila "A?", alama ya swali la kutafuta anwani, lilikuwa jina la seva ya duka la mteja, moja baada ya jingine, wazi kabisa, yakielekea kwenye ruta ya nyumba ya wageni. Ripoti zilipita ndani ya handaki, yaani njia ile ya SSH. Majina, yale hasa niliyotaka kuyaficha, yalipita nje.

Firefox, kivinjari changu, haikuwa na kosa. Kile kisanduku cha kupitisha DNS kwenye SOCKS v5 nilishakitia tiki zamani. Kosa lilikuwa kwenye skripti yangu ya kupakua ripoti, inayotumia curl, programu ya kupakua kwa amri. Nilikuwa nimeandika:

socks5://127.0.0.1:1080

Kwa maandishi hayo curl hutafuta kwanza anwani ya jina hapo hapo kwenye laptopu, kisha ndiyo huipa proksi namba. Inatakiwa:

socks5h://127.0.0.1:1080

Kwa hiyo h, jina linasafiri lenyewe hadi Frankfurt na kutafutwa huko. Skripti ile nimeitumia miaka miwili, kwenye hoteli na stendi ngapi sijui. Niliwapigia simu wateja wote wanne asubuhi yake nikawaeleza. Mzee mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, wameona hela zangu?" Nikamjibu hapana mzee, ila mtu angeweza kujua kwamba nakufanyia kazi. Akanyamaza kidogo, akashukuru kwa kuambiwa.

Programu ya barua pepe nayo ina mipangilio yake ya proksi, hairithi ya kivinjari. Nimechoka kuzifuatilia moja moja, kwa hiyo sasa nikiwa ugenini naendesha sshuttle, programu nyingine inayopita kwenye SSH, pamoja na --dns, inayobeba miunganisho yote ya TCP (njia inayotumiwa na curl na barua pepe) na maswali ya majina. Hata hivyo tcpdump naiacha wazi kwenye dirisha la pembeni. Vitabu vya mteja navifungua nikishaona poti 53 iko kimya.