Doti ya Mama Ukutani

Baba alituachia santuri zake, spika mbili kubwa, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Tanga ambacho muziki ulikuwa unateseka ndani yake. Kuta za matofali ya saruji zilizopigwa lipu, chini tailizi. Ukipiga kofi moja, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana ile sauti mpaka inalia kama waya. Ukiweka Mbaraka Mwinshehe, lile gitaa lake tamu linakuwa kali, linaumiza masikio.

Dawa nilikuwa naijua: fremu nene za mbao zilizojazwa kitu laini cha kunyonya sauti. Mama naye alikuwa na sharti lake. "Mwanangu, sebule yangu haigeuzwi studio. Ukutani kwangu kitakaa kitu cha kutazamika."

Dada akapendekeza picha ya Tingatinga iliyokuwa chumbani kwake. Naipenda sana picha ile, lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora kwa rangi ya kung'aa juu ya ubao mgumu, na hii ilifuata njia hiyohiyo. Rangi ya namna hiyo ikikauka, sauti inaigonga na kurudi kama ilivyokuja. Tukaitundika juu ya mlango. Kwenye fremu kinatakiwa kitambaa kinachopumua: ukikiweka mdomoni ukapuliza, pumzi ipite. Kanga ya pamba inapitisha, mradi ifuliwe kwanza itoke wanga wa dukani.

Mama akafungua sanduku lake, akatoa doti nyekundu yenye jina "Wema hauozi". Moyo ukanifurahi, maana doti ni kanga mbili zinazofanana, na spika mbili zinataka ukuta wa kulia na wa kushoto ufanane.

Fundi seremala alikuja na mbao za moja kwa nne, akapima kanga, akasema atakunja pindo nyuma ya fremu, apige pini, kazi iishe. Mama alisimama. "Ukunje pindo? Na jina je? Fundi, kanga bila jina na pindo ni kitambaa tu." Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia amsikilize Mama.

Basi Mama akakaa na cherehani yake, akashona kaniki nyeusi kuzunguka kanga nzima. Kaniki ndiyo iliyokunjwa na kupigwa pini. Mbele ikabaki kanga kamili, pindo zote nne, mji, na jina likisomeka kutoka mlangoni. Kwa ajili hiyo fremu ilibidi iwe kubwa, kama mita moja na nusu kwa mita moja na ushee, zaidi ya nilivyokuwa nimepanga. Na fremu ikiwa kubwa inanyonya sauti nyingi zaidi. Sharti la Mama la urembo ndilo lililokifaa chumba.

Ndani tulijaza sufi kutoka kwa fundi wa magodoro, tukaipanga bila kuishindilia, na nyuma tukaweka wavu wa kuizuia isimwagike. Nikakaa kwenye kochi, dada akatembeza kioo ukutani. Pale nilipoiona spika kwenye kioo, ndipo sauti inapogonga kabla ya kunifikia, na ndipo fundi alipotoboa. Tuliacha nafasi ya vidole vitatu kati ya fremu na ukuta. Nafasi hiyo husaidia kunyonya sauti za chini kidogo.

Nikapiga kofi. Likakatika palepale. Tukamrudisha Mbaraka, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile nikasikia gitaa la rizimu likienda njia yake, mbali na la solo. Mama alisikiliza upande mzima wa santuri bila kusema neno.

Besi ilikuwa bado inavuma pembeni mwa chumba. Huko mawimbi ni marefu, yanataka fremu nene zaidi, na nilipomweleza Mama nikatupia jicho kisutu chake cha harusi kilichobaki sandukuni. Akakifunika. "Hicho hakiguswi," akasema. "Kesho twende Ngamiani tukachague doti nyingine, na rangi nachagua mimi."