Kompyuta iliyokuwa ikijizima

Wiki nzima kompyuta yangu hapa Kikwajuni ilikuwa ikijizima katikati ya kazi. Nilikuwa nimetoa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Ryzen 5 2600 nikatia 5600. Soketi inapokaa prosesa ni ile ile AM4, na BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, niliisasisha kwanza. Nikashuku joto. Nilipofungua feni, dawa ya joto inayopakwa juu ya prosesa imeenea vizuri, nyembamba kama samli juu ya chapati. Basi nikageukia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Vijiti vyake vinne vilikuwa vikienda kasi ya 3200. Nikavishusha hadi 2666, nikawasha memtest, programu ya kupima RAM, ikaenda usiku kucha bila kosa hata moja.

Alfajiri mama akaniuliza, “Hujalala, mwanangu?” Sikulala. Picha za harusi ya dada yangu zimo zote, na sasa nazinakili kwenye diski ya nje.