Ukialikwa kuongea saa moja, hesabu siku tatu

"Mwalimu, ni saa moja tu." Hio ndio sentensi nimeisikia zaidi kuanzia Septemba mpaka leo, na kila anaeniambia hasemi uongo, ni kweli yeye anahitaji saa moja. Lakini mimi niko Lamu, na mezani kwangu kuna prufu za riwaya yangu, zile kurasa za kukagua mara ya mwisho kabla kitabu hakijachapwa, kurasa 208, na mhariri Nairobi anazitaka kesho kutwa asubuhi. Nimesoma 144, zimebaki 64. Naandika hapa kwa sababu kuna watu nimewakatalia mialiko na nimesikia wanasema nimeanza maringo, na hilo limeniuma, wallahi limeniuma, kwa hivyo wacha nieleze mambo yalivyo.

Vitabu Kenya vinakimbizana na Januari. Shule zikifunguliwa ndio watu wanaingia madukani, basi mchapishaji anataka kila kitu kiwe tayari kabla ya hapo, na prufu zinakuangukia Septemba, Oktoba, Novemba. Sasa miezi hiyo hiyo ndio kila mtu anakumbuka kuna mwandishi Lamu. Shule zinafunga mwaka zinataka mgeni wa kuzungumza na watoto, tamasha la utamaduni huwa Novemba, na Maulidi nayo kwa vile inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka mwaka huu imekuja Septemba, Mfungo Sita, mji umejaa mpaka vichochoroni, wageni wa msikiti wa Riyadha wanalala kwetu, na mimi ni binti wa nyumba hio, siwezi kujifungia chumbani na kalamu nyekundu wakati mama anapika biriani ya watu 30.

Alafu safari yenyewe. Nikiitwa Malindi naamka alfajiri, boti mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, kilomita zaidi ya 200, nafika mchana mwili umevunjika nalala kwa mama mdogo. Kesho yake ndio ile saa moja. Siku ya tatu ni kurudi. Na hapo ni kama barabara iko sawa, maana hii miezi ni ya vuli na sote tunakumbuka 2023 maji yalivyoikata pale Lango la Simba watu wakakwama huku na huku.

Na kuna siku ya nne ambayo hakuna anaeihesabu. Ukishaongea mbele ya watu 200 kichwa hakinyamazi, unasikia maswali yao, unajibu upya yale uliyojibu vibaya, unafungua prufu macho yanapita juu ya mistari kama yanatelezea. Prufu inataka mtu aliyetulia. Mwaka jana nilikubali mialiko mitatu ndani ya wiki mbili kwa sababu niliona haya kukataa, nikarudisha prufu za kile kitabu cha hadithi sura mbili za mwisho sijazisoma vizuri, nikajipa moyo kwamba mhariri ameziona. Kitabu kikatoka, bibi mmoja jina lake ni Mwanaisha hadithi nzima, ukurasa wa pili kutoka mwisho akawa Mwanaidi. Msichana wa shule ndio alienionyesha, kwa adabu, akadhani kuna maana amekosa kuielewa. Sikujua nimwambie nini. Kile kitabu kiko madukani mpaka leo hivyo hivyo.

Kwa hivyo mtu atasema basi acha kuongea, andika. Hapana, na hapa ndio nataka nieleweke.

Oktoba nilienda Malindi kwenye shule moja, mwaliko wa pekee niliokubali mwezi huo. Sikuandaa hotuba mpya, nilibeba prufu zenyewe, nikawaambia watoto nitawasomea kitabu ambacho bado hakijazaliwa. Mhusika wangu mmoja ni mzee wa hapa Mkomani, anaongea Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, macho anasema mato, njia ndia, machozi matozi. Nasoma, nasoma, nikafika pahali anamlilia mwanawe, ulimi ukagonga. Ukurasa mmoja analia matozi, wa pili yake analia machozi. Kuna mtu ofisini aliona matozi akadhani ni makosa ya chapa akasahihisha moja, lingine likampita, na mimi macho yangu yalikua yamepita hapo mara tatu bila kuona chochote. Masikio ya wale watoto ndio yalionionyesha. Nikatoa kalamu nikaandika pale pale mbele yao, na kijana mmoja akauliza kwani maneno ya kitabu nani anayaamua, tukaingia kwenye mazungumzo matamu sana, nikawaambia kuhusu marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi, mtu wa Matondoni kisiwani hapa hapa, ndio tunaambiwa alitupa neno runinga. Hawakuamini! Walidhani maneno hutoka Nairobi.

Usiku ule kwa mama mdogo nikapitia kila pahali mzee anapofungua mdomo. Nikakuta mengine saba. Na kurekebisha prufu si kama kurekebisha mswada, ukiongeza maneno mstari unasukuma mstari, aya inasukuma ukurasa, na kitabu kinachapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kutoa kurasa 16 kila moja, zangu ni 13 zimejaa kamili, ukurasa wa 209 hauna pa kukaa. Kubadilisha machozi kuwa matozi hakusukumi kitu, alhamdulillahi.

Basi siku hizi nafanya hivi. Miezi ya prufu nachukua mwaliko mmoja wa nje ya kisiwa kwa mwezi, nauli itumwe kabla, na nasoma kile kilicho mezani sio hotuba mpya. Wa hapa hapa, baada ya alasiri pale Mkunguni mbele ya ngome, hao waniite tu, natembea dakika tano niko nyumbani kabla ya magharibi. Wengine nawaomba waningoje Februari. Kuna shule moja ya wasichana waliniandikia barua kwa mkono, nimewaambia Februari, na tarehe nimeshaiandika ukutani juu ya meza. Hio siikosi.

Sasa naacha simu chumbani nashuka na zile 64. Mama amekubali kunisikiliza, ameshakaa barazani na ukili wake anasuka, na ameniambia nikisoma neno la Kiamu vibaya atanikatiza hata kama ni katikati ya kilio.