Anza na swali, usianze na cheo

Barazani Mkunguni, pale mbele ya ngome ya Lamu, hoja hii haikosi: Tanzania ina waziri mkuu, Uingereza ina waziri mkuu, basi mfumo wao ni mmoja. Sivyo. Wa Uingereza ndiye kiongozi wa serikali, na wabunge wakimnyima imani ama ajiuzulu ama uitishwe uchaguzi. Wa Tanzania huteuliwa na rais, Bunge likamthibitisha, na mkuu wa serikali hubaki rais.

Kwa hiyo ukilinganisha serikali za nchi, shika swali moja: nani humpa huyu kazi, na nani anaweza kumtoa? Jibu lichimbe kwenye katiba ya kila nchi, uandike na nambari ya ibara. Chukua gavana wa Lamu na mkuu wa mkoa wa Tanga. Kwa mbali wanafanana. Lakini wa Tanga huteuliwa na rais; wa Lamu huchaguliwa na wananchi, na kumng'oa kunahitaji theluthi mbili ya bunge la kaunti, kisha Seneti iamue.

Seneti yenyewe ya Kenya ndiyo tamu zaidi kulinganisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 4,397,073 Nairobi. Katika Bunge la Taifa lenye wabunge 349, Lamu ina watatu tu: wa Lamu Mashariki, wa Lamu Magharibi na mwakilishi wa wanawake. Ukienda Seneti, mswada ukihusu kaunti, ibara ya 123 ya katiba ya Kenya inaupa kila ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wa kaunti hiyo kwa pamoja, kura moja. Mtu wa Kiunga, kijiji cha Lamu, ana haki ya kulijua hili vizuri, maana hapo Lamu ni sawa na Nairobi. Marekani nayo hulinganisha majimbo, maseneta wawili kila moja, ila kila seneta hupiga kura yake na wawili hao wanaweza kupingana. Ujerumani, katika baraza lake la majimbo (Bundesrat), hulipa kila jimbo kura 3 hadi 6 kulingana na idadi ya watu, na serikali ya jimbo huzipiga zote upande mmoja.

Uingereza itakusumbua, kwani haina katiba ya waraka mmoja. Huko fuata sheria za bunge na desturi.

Na kila jibu liandikie mwaka. Rais wa Ufaransa wa 1958 alichaguliwa na wajumbe maalumu. Wa 1965 alichaguliwa na wananchi wenyewe, baada ya kura ya maoni ya 1962. Ukiandika "Ufaransa" bila mwaka, hujasema ni ipi.