Jina la Mungu si la kupunguzia bei

Jumamosi nilikuwa Soko la Majengo, hapa Dodoma, natafuta zabibu. Kijana mmoja ananiapia, "Haki ya Mungu mama, hata mtaji haurudi." Nikasogea hatua mbili tu, bei ikashuka. Kiapo kimekwenda wapi?

Limeniuma, ndugu zangu. Kutoka 20:7 tuliikariri tukiwa watoto wa kipaimara: usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako. Na Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 anakataza kuapa kabisa, ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Wayahudi walilicha jina lile la Mungu, Yahwe, hata wakaacha kulitamka, wakisoma husema "Bwana" mahali pake. Mwaka 1274 Mtaguso wa Lyon, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza waumini wainamishe kichwa jina la Yesu linapotajwa katika ibada, na wapo wazee wetu Waanglikana na Wakatoliki wanaofanya hivyo mpaka leo. Bibi yangu kule Mpwapwa ni mmoja wao, hata akisikia redioni.

Lakini sisemi kila anayetaja anakosea. Mama aliye leba akipiga kelele "Yesu wangu!" huyo anasali, tena sala fupi kuliko zote. Kinachonisumbua ni hizi "kwa jina la Yesu" za kusindikiza uongo, mikopo na utani wa mpira.

Nimewaomba wanangu nyumbani: bei ya nyanya itajwe bila Mungu. Nyumbani kwenu mnawaambiaje watoto?